Mgeni wa Poongodi

Kila Ijumaa jioni, mashine za kufuma zikishazimwa na vumbi la pamba likianza kutua, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na swali moja kwa Jarmila: "Mama, kesho wapi?"

Mwanzoni walimuuliza kwa adabu tu. Baadaye likawa jambo la kubishaniwa hadi kwenye foleni ya kahawa, maana yule mama wa Kicheki aliyeletwa Karur, kusini mwa India, kufunga mashine mpya na kuwafundisha watu kuziendesha hakuwa mtu wa kujifungia nyumba ya wageni akiingoja Jumatatu. Alikwishapanda ngazi za hekalu la Palani peku pamoja na mahujaji. Alikwenda Rameswaram, akajipanga mstari na wenzake akamwagiwa ndoo baada ya ndoo ya maji ya visima vya hekalu, akarudi na homa na kicheko. Alikwenda Valparai kwenye mashamba ya chai, akarudi na ruba kifundoni bila habari. Aliyemwona ruba huyo ni mfagizi, na kelele zake zilisimamisha kazi idara nzima.

Wote walimwita Mama, si kwa heshima peke yake bali kwa sababu jina lake lilikuwa na matatizo. Hutamkwa Yarmila, na kwa Kitamil "yar" ni "nani". Kila alipojitambulisha, watu walidhani anawauliza: "Mila ni nani?"

Aliyemzoea kuliko wote alikuwa Thenmozhi, mkaguzi wa vitambaa, binti mfupi mwenye macho yasiyopitwa na uzi uliokatika na mdomo usiojua kupumzika. Baada ya sikukuu ya mavuno alimfuata Jarmila kwenye mashine akampa kadi nyekundu iliyopakwa manjano pembeni.

"Mama, mdogo wangu Poonguzhali anaolewa, kwetu Kumbakonam. Jumapili, alfajiri. Usipokuja nahama kiwanda."

"Nitakuja. Kwa nini nisije?"

"Basi nitamtuma kaka yangu akupokee stesheni."

"Anipokee? Mimi mtoto? Rameswaram nilikwenda na nani?"

"Rameswaram ukishuka unaona bahari, unaona hekalu, mambo yamekwisha. Kumbakonam mwezi huu kila mtaa una harusi, Mama. Utapotea."

"Kadi ninayo. Na kusoma nimejifunza," alisema Jarmila.

Hilo lilikuwa kweli kiasi. Alijifundisha herufi za Kitamil kwa kusoma mabango ya maduka akiwa dirishani mwa basi, na sasa aliweza kusoma neno zima ikiwa neno lenyewe litakaa palepale kwa muda. Thenmozhi alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Watu waliokuwa karibu walishangaa, maana halikuwa jambo la kawaida.

Jumamosi Jarmila alipanda treni, akafika Kumbakonam mchana, akazunguka mjini akatazama mafundi wa taa za shaba na kunywa kahawa mpaka mikono ikatetemeka. Kesho yake, kukiwa bado na kiza chepesi, mhudumu wa hoteli alimfunga sari ya kijani aliyopewa na Thenmozhi, akaikaza kwa pini nyingi kiasi kwamba Jarmila alihisi kama furushi linalokwenda posta. Akatoka.

Barabara ya bwawani ilikuwa imeamka zamani. Kumbi za harusi zilipangana upande mmoja, na kila lango lilikuwa na migomba miwili iliyokatwa mizima na mikungu yake, imefungwa kulia na kushoto. Zumari zililia huku, zikajibiwa kule. Jarmila alisimama mbele ya lango la kwanza, akainua kidole hewani akaanza kusoma bango la maua kama mtoto wa darasa la kwanza. "Poo... Poon... Poong..." Hapo gari la wapiga ngoma likapiga honi mgongoni mwake, akaruka pembeni, kundi la akina mama waliovaa hariri likamchukua kama maji yanavyochukua jani, na alipotahamaki alikuwa ndani. Hakuona haja ya kurudi nje kumalizia jina. Poonguzhali, ndiyo hiyo. Ingekuwa nini tena?

Mlangoni wasichana walimrashia marashi ya waridi, wakampaka liwa shingoni na kumtilia kipande cha sukari kiganjani. Mzee mmoja mnene aliyejifunga shuka nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, mjomba wa bi harusi, alimkabili mikono imeunganishwa kifuani.

"Karibu, mama, karibu sana. Jina lako?"

"Jarmila."

Mzee akakunja uso. "Mila ni nani?" Akawageukia wenzake. "Jamani, kuna Mila hapa? Huyu mama anamtafuta Mila."

"Mila! Mila ni nani?" swali likapokewa likasafiri ndani ya ukumbi, hadi jikoni, na kutoka jikoni sauti ikajibu kwamba hakuna Mila, labda kaenda kuoga.

"Hapana, hapana," alisema Jarmila, akikusanya Kitamil chake chote. "Mimi rafiki. Rafiki, ofisi."

"Ofisi!" Uso wa mjomba ukachanua. "Ofisi ya Poongodi! Bosi wake! Ametoka Chennai usiku kucha kuja kutuona!"

Katika maneno yote hayo Jarmila alilokamata ni "Poong", akatikisa kichwa kwa furaha. Basi. Alishikwa mkono, akapitishwa katikati ya viti akaketishwa mstari wa mbele, wanapokaa watu wa damu.

Kulia kwake palikuwa na bibi mmoja mdogo mithili ya ndege, Bibi Rajammal, mama wa mama yake bi harusi. Alimkagua mgeni kutoka vidoleni kwenda juu na macho yake yakagota kwenye nywele.

"Kichwa kitupu!" alimaka. "Jamani, mnamwacha mtu anaingia harusini na kichwa kitupu kama mjane? Aibu iliyoje!"

Akachomoa pini kutoka nywele zake mwenyewe, akakata shada dogo kutoka asumini iliyokuwa kisogoni mwake, akalibana kwenye nywele fupi za Jarmila. Likaanguka. Akalibana tena kwa nguvu zaidi, mpaka Jarmila akatokwa na machozi, na safari hii likakaa.

Kushoto kwake aliketi mama mrefu mwenye miwani, mgongo umenyooka kama rula. Huyu alikuwa Sundaravalli, shangazi wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha Jarmila.

"Umetoka mbali," alisema, bila tabasamu. "Bila shaka unamthamini sana huyu binti."

Jarmila alimfikiria Thenmozhi. "Sana. Bila yeye vitambaa vibovu vingetoka kila siku."

"Vitambaa?"

Zumari zikapaa, ngoma zikaitikia, na mazungumzo yakafia hapo.

Ndipo Jarmila alipoanza kutazama huku na huku. Hakumwona Thenmozhi. Lililomtia wasiwasi zaidi, hakumsikia, na Thenmozhi husikika hata mashine zote zikiwa zinakwenda. Kisha bi harusi akaletwa jukwaani. Poonguzhali, Jarmila alikuwa amemwona kwenye picha mara nyingi: mfupi, wa mviringo, mwenye vishimo mashavuni. Aliyepanda jukwaani alikuwa binti mrefu, mwembamba, mwenye alama mbili za miwani juu ya pua.

Huyu hakuwa Poonguzhali.

Alitaka kusimama. Lakini Bibi Rajammal alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na kiganja chake kilikwishajazwa mchele wa manjano, na moshi wa moto wa ibada ulikuwa unapanda, na ukumbi mzima ulikuwa umeinuka kwa vidole vya miguu. Bwana harusi aliinama amfunge bi harusi uzi wa ndoa shingoni. Ngoma zikapandisha mno hata mtu asisikie mawazo yake mwenyewe, wapigaji wakipiga kwa makusudi ili neno lolote baya lisipate kusikika. Fundo likafungwa. Mchele ukaruka kutoka kila upande, wa Jarmila nao ukaruka, ukawaangukia wale vijana vichwani. Akajikuta analia. Hakumjua yule binti, hakumjua yule kijana, na bado machozi yalimtoka kana kwamba amemlea mmojawapo.

"Lia tu," alisema Bibi Rajammal, naye akifuta yake kwa ncha ya sari. "Ndiyo mahali pake."

Kelele zilipopungua, simu ilikuwa inatetemeka mkobani kama kitu kilichonaswa.

"Mama! Uko wapi?" alikuwa Thenmozhi, na nyuma yake zumari nyingine zikilia.

"Harusini."

"Harusini wapi, na mimi nimesimama mlangoni hapa tangu kuche nakungoja wewe? Miguu imeota mizizi!"

"Niko mbele kabisa. Nimekaa na bibi."

"Bibi gani? Bibi yangu huyu hapa, amelala kwenye kiti!" Akashusha sauti. "Mama. Niambie kuna nini langoni."

"Migomba miwili."

"Migomba! Mitaa yote ina migomba! Soma bango!"

Jarmila aligeuka. Kwa ndani maua yalipanga majina yaleyale, na safari hii herufi zilitulia. Alisoma polepole mpaka mwisho. "Poon-go-di," alisema.

Upande wa pili ulisikika mluzi mrefu, kisha kicheko cha mtu anayejaribu kutocheka mbele ya wakwe. "Sikiliza, Mama. Aga, utoke. Bango hilo nililipita alfajiri; sisi ni ukumbi wa tatu kutoka hapo. Na usile! Ukila huko mama yangu atanichinja mimi, si wewe."

Lakini kuaga hakukuwa jambo la kusema tu. Watu walikuwa wamejipanga kupiga picha na maharusi, na mjomba alikwishamweka Jarmila mbele ya wote. Alipanda jukwaani na uso wa moto, akasimama karibu na bi harusi, akamnong'oneza kwa Kiingereza:

"Binti yangu, nisamehe. Nimekosea harusi."

"Najua," alinong'ona Poongodi, midomo haitikisiki, macho yakiitazama kamera. "Bosi wangu ni mwanamume, ana kipara."

"Naondoka sasa hivi."

"Usithubutu!" Vidole vyenye hina vikamkamata. "Tafadhali. Tangu uingie yule shangazi amenyamaza. Wiki nzima ananihubiria niache kazi Chennai nikae hapa dukani na taa za mume wangu. Sasa anaona bosi wangu amekuja mwenyewe. Kaa ule. Akikuuliza, mwambie sina mbadala."

"Cheka, cheka!" alipiga kelele mpiga picha, na wote watatu wakacheka, bwana harusi kwa sababu hakujua, wale wawili kwa sababu walijua.

Kwenye ukumbi wa chakula majani ya mgomba yalikuwa yamekwishatandazwa. Jarmila aliketi katikati ya Bibi Rajammal na Shangazi Sundaravalli kama mtuhumiwa kati ya askari. Wakapita wagawaji na ndoo zao wakikimbia: idli nyeupe za mchele, vada za dengu, halua ya moto yenye korosho, michuzi ya rangi zote. Alijaribu kuziba jani kwa kiganja. Bibi Rajammal akakiondoa kile kiganja kama anaondoa nzi. "Mtie! Mtie mwingine! Hamwoni alivyokonda?" Jarmila, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita mkondefu tangu azaliwe, alitiwa.

Shangazi alingoja mpaka Jarmila amemeza tonge la pili.

"Nataka kukuuliza neno," alisema. "Huyu mtoto wetu mpya. Ofisi yenu itasimama bila yeye?"

Jarmila aliweka kipande cha idli chini. Kusema uongo mdogo kungekuwa rahisi kama kumeza. Ila alikuwa amekula chumvi ya watu hawa, asumini ya bibi ilikuwa inanukia kichwani mwake, na akaona kwamba hata akiusema, uso wake utamsaliti. Ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni.

"Mama," alisema, "mimi si bosi wake. Nimemwona leo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nakwenda ukumbi wa tatu kutoka hapa, nikasoma bango nusu."

Shangazi hakupepesa macho. "Na bado ulilia."

"Nililia, ndiyo."

Shangazi akamtafsiria bibi. Bibi Rajammal akatazama kulia, akatazama kushoto, akapiga paja kwa kicheko kisicho na jino hata moja. "Kwa hiyo Mila hayupo!" alisema. "Basi mwongezeeni halua. Huyu kaletwa, hakuja."

Sundaravalli hakucheka. "Na kwa nini hukuondoka ulipogundua?"

Jarmila akavuta pumzi. "Kwa sababu binti aliniomba nikae. Anaogopa kuachishwa kazi."

"Ala! Kakwambia?"

"Kaniambia. Naomba usimkasirikie." Kisha, maadamu amekwishaharibu, akaendelea. "Mimi nilipoolewa na Otakar, mama mkwe alisema mke hakai kiwandani. Nikaacha. Nikakaa nyumbani miaka, mama, na mikono yangu haikujua pa kwenda. Nilikuwa nafungua kila kitu chenye skrubu. Saa ya ukutani, cherehani yake, jiko. Siku moja akakuta jiko lake liko vipande vipande sakafuni, na wageni wanakuja. Akaniambia, 'Otakar akubali asikubali, Jumatatu unarudi kiwandani, kabla hujanifungua na mimi.'"

Mdomo wa shangazi ulicheza pembeni. Akainama kwenye jani lake, mabega yakaanza kutikisika, na alipoinua uso miwani ilikuwa imemshuka puani na machozi ya kicheko yanamtiririka. Watu wa meza ya jirani waligeuka. Hawakukumbuka mara ya mwisho waliyoona jambo hilo.

"Mimi nilifundisha mpaka nikastaafu," alisema, akijifuta. "Mama mkwe wangu naye alisema niache. Nikajifanya sisikii kwa sikio la upande wake."

"Sasa mbona huyu unamtaka aache?"

Halikuwa swali la mgeni kumuuliza mwenyeji, na Jarmila alilijua hilo mara lilipomtoka. Shangazi alikandakanda kipande cha idli kwa vidole bila kukila.

"Kwa sababu mtoto wa kaka yangu atakula peke yake," alisema hatimaye. "Mama yake amekufa. Nilimlea mimi. Nikimfikiria pale juu ya duka, jioni, na sahani moja..." Hakumalizia.

"Chennai iko mbali sana?" aliuliza Jarmila kwa upole.

"Treni ya usiku tu."

Wakala. Bibi Rajammal, aliyekuwa hajaelewa hata neno, alidai atafsiriwe, akatafsiriwa, akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Basi na yeye apande treni! Miguu yake ni ya shaba?"

Safari hii shangazi alicheka bila kujificha. "Haya, nimesikia," alisema. "Nitazungumza naye. Sisemi zaidi ya hapo. Wewe kula."

Jarmila alikula mpaka mwisho, akalikunja jani lake kuelekea kwake, ishara ya kushukuru chakula, naye bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kuondoka peke yake hakukuruhusiwa. Mjomba, aliyeupokea ukweli kwa kupigwa na butwaa kisha kwa furaha kubwa zaidi, alisema mgeni wa watu hurudishwa kwa watu. Akachukua sinia la tambuu, ndizi na nazi. Wapiga zumari wawili waliokuwa wanapumzika wakaambiwa waje. Shangazi Sundaravalli akashika mwavuli, maana jua lilikuwa limetoka. Na msafara ukashuka barabarani, Jarmila katikati, pini zinamchoma na asumini inamning'inia sikioni. Wenye bajaji walisimama kuuliza nani anaolewa.

Kwenye lango la tatu Thenmozhi alikuwa amesimama mikono kiunoni. Alipoona sinia, zumari na mwavuli, alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tumemleta mtu wenu," alisema mjomba kwa heshima zote. "Tulimwazima kidogo."

"Mmemrudisha mzima?"

"Mzima. Na zaidi kidogo," alisema shangazi.

Familia zikaunganisha mikono vifuani, sinia likapokelewa, sinia jingine likatolewa badala yake, na baada ya maswali machache ikagundulika kwamba mjomba na baba yake Thenmozhi waliwahi kucheza kabadi timu moja ujanani, na kwamba mmoja bado anamdai mwenzake msamaha kwa jino. Wakakumbatiana. Hakuna aliyewaona tena mpaka mchana.

Mama yake Thenmozhi alimpokea Jarmila, akamtazama liwa shingoni, asumini kichwani na tumbo lilivyoibana sari.

"Huyu ameshakula," alisema.

"Hajala," alijibu Thenmozhi upesi, akimsukuma Jarmila kwenye benchi. "Mama, mtazame alivyokonda."

Jani likatandazwa. Jarmila alimkuta Poonguzhali na uzi wa ndoa tayari shingoni, vishimo vyake vya mashavuni vilevile vya picha, na binti alipomwona alimpungia mkono kutoka jukwaani kama mtu amwonaye ndugu aliyechelewa. Kisha ndoo zikaja zikikimbia.

Miezi ilipita. Mashine zote zilifungwa, mkataba ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena kwa ombi la Jarmila mwenyewe. Poongodi alibaki na kazi yake. Mumewe akaijua ratiba ya treni ya Chennai kuliko wahudumu wake, na jioni ambazo alikuwa peke yake juu ya duka, shangazi alipanda na sahani mbili. Jarmila alialikwa kwao mara nyingi, akaenda mara nyingi, na hakuna aliyekubali tena kumwacha aje bila kupokewa.

Lakini jioni ile ya Jumapili hakujua hayo yote. Alikuwa kwenye treni ya kurudi Karur, viatu amevua, sari imelegea, tumbo limejaa hata kuinama hawezi. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita dirishani. Simu ikalia. Alikuwa Otakar, mumewe, akimpigia kutoka nyumbani kama kila Jumapili.

"Vipi harusi?" aliuliza. "Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana," alisema Jarmila. "Zote mbili."